Mfunga Nzi wa Kanyakine

Kwa miaka kumi na mmoja Kathure alifunga nzi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona samaki akiwa hai.

Nzi wenyewe hawakuwa hawa wa jalalani. Walikuwa vidude vya manyoya ya jogoo na uzi mwembamba, vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo sana, ndogo kiasi kwamba ukiiangusha sakafuni utaitafuta hadi uchoke, kisha uipate kwa kuikanyaga. Karakana ya Bwana Muthamia ilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya kinu cha mahindi pale Kanyakine, na humo wanawake kumi na wanne waliketi kuanzia asubuhi, kila mmoja ameinamia kibanio chake cha chuma, wakifunga na kupiga soga. Nzi wakijaa kisanduku walisafirishwa Ulaya. Kathure alijua kwamba huko wazungu huwatumia kuvulia samaki. Kwa nini samaki mwenye akili zake ale unyoya, hilo hakuuliza. Kwao Imenti watu hawakula samaki. Mama mkwe wake, Igoki, alimwita samaki nyoka wa majini, na akisikia harufu yake sokoni alifunika pua kwa leso.

Basi mwaka wa 1993, siku ya Jumatatu, Bwana Muthamia aliingia karakanani na barua mkononi na kisanduku kwapani. Soga zikakatika.

"Wameturudishia mzigo," alisema. "Wanasema nzi wetu akiumwa mara moja tu na samaki, anafumuka. Anabaki ndoana tupu." Akafungua kisanduku, akatoa kikaratasi chenye jina la mfungaji. "Kathure."

Kathure alidhani amesikia vibaya. Yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani. Kazi ya mkono wake ndiyo iliyoonyeshwa wageni kama mfano. Alisimama, akaketi, akasimama tena, na machozi yalikuwa karibu.

"Sikufukuzi," Bwana Muthamia akasema. "Lakini umewahi kuona nzi wako akifanya kazi?"

"Kazi gani, bosi? Si ni unyoya?"

"Basi kesho hutafunga. Kesho utakwenda mtoni."

Alimpeleka kwa Kivuti, mlinzi wa samaki, mtu wa Embu aliyekuwa akikaa kwenye kibanda cha mbao juu kule ukingoni mwa msitu, mahali mto Mutonga unaposhuka kutoka mlimani ukiwa baridi kama umetolewa kwenye jokofu. Kivuti alikuwa mfupi, wa sauti ya chini, mwenye mazoea ya kuongea huku akitazama maji badala ya mtu. Alimpokea Kathure kwa chai ya rangi, akamwambia, "Mama, hapa tunanong'ona. Hawa wana masikio."

Wakashuka mpaka penye kidimbwi chini ya jiwe kubwa. Kivuti alifunga mmoja wa nzi wa Kathure kwenye ncha ya mshipi, akainua ufito wake mrefu. Ufito ulipinda nyuma, ukapinda mbele, na mshipi ukapaa juu ya vichwa vyao ukijikunja na kujikunjua pasipo sauti. Nzi akatua juu ya maji kwa upole, kama kwamba amechoka kuruka.

Kathure alitaka kuuliza jambo. Hakuwahi.

Maji yalipasuka. Kitu cha rangi ya fedha, chenye madoa meusi na mstari mwekundu ubavuni, kiliruka juu, kikajipinda hewani, kikaanguka na kurudi chini na mshipi. Kathure alipiga ukelele akaketi kwenye matope. Miaka kumi na mmoja! Wakati wote ule wa kufunga na kuhesabu dazeni, jambo hili lilikuwa likitokea mahali fulani, na hakuna aliyemwambia.

"Simama, mama, ushike," Kivuti alisema, akamtia ufito mkononi.

Aliposhika, alihisi uhai wa yule samaki ukimpanda kupitia mti ule hadi kwenye kiwiko, hadi begani. Alikaribia kuuachilia kwa woga. Kivuti alimwelekeza: mwache akimbie, sasa mvute, mwache tena. Walipomfikisha ukingoni, Kivuti alilowesha mikono, akamtoa ndoana mdomoni, akampima kwa kipande cha kijiti, kisha akamrudisha majini. Trauti yule, samaki wa mito ya baridi, alitikisa mkia mara moja, akapotea.

"Umemtupa!" Kathure alipayuka.

"Sijamtupa. Ni mtoto bado. Sheria inasema wa viganja viwili ndio wa kubeba." Kivuti akamnyooshea yule nzi. "Angalia sasa kazi yako."

Uzi wa kiunoni ulikuwa umekatwa na meno, na manyoya yananing'inia kama shati la mlevi. Kathure alimgeuza na kumgeuza. Sasa aliona kosa, nalo lilikuwa dogo la kutia aibu: wembe wa meno ya samaki ulipita moja kwa moja juu ya uzi, na hakukuwa na cha kuuzuia. Jioni ile ile alifungua redio mbovu ya mumewe, akatoa waya mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani yake, akauzungusha juu ya mwili wa nzi mpya, mara tano. Mikononi mwa Kivuti nzi huyo alivua samaki wanane kabla ya kufumuka. Sanduku lililofuata halikurudi.

Lakini Kathure naye hakurudi, maana yake hakurudi kuwa alivyokuwa. Jumamosi iliyofuata alipanda tena kwa Kivuti. Na iliyofuata. Alikata leseni kwa jina lake, akajifunza kurusha mshipi bila kunasa vichaka, akajifunza kuinua mawe na kutazama wadudu walio chini yake ili awafunge kama walivyo. Kwa kuwa sketi ilijaa maji na kumvuta, alivaa suruali ya mumewe, Mwalimu Gedion, akaikunja mpaka magotini na kuifunga kamba kiunoni.

Akaonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitafuta kuni aliona mke wa mwalimu, mwalimu ambaye pia ni shemasi wa kanisa, amesimama mtoni hadi mapajani, ndani ya suruali, akichapa hewa kwa fimbo na kujichekea peke yake. Habari ilishuka mlima kabla yake. Baraza la akina mama wa kanisa likamwita, na Gedion akaja naye, jambo ambalo lenyewe liliwashangaza.

"Hata Petro alikuwa mvuvi," Gedion alisema kwa utulivu wake wa darasani.

"Petro hakuvaa suruali ya mumewe," mwenyekiti akajibu.

Kikao kizima kikaangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka bila kupenda, na shauri likaishia hapo. Walikubaliana avae leso juu ya suruali akiwa njiani.

Nyumbani mambo yalikwenda polepole. Gedion alikuwa wa kwanza kuonja, kwa sababu ya mapenzi. Wa pili alikuwa Mwiti, mdogo wake Gedion, kijana mcheshi mwenye mikono isiyotulia, aliyekula samaki mzima, akalamba vidole, akauliza, "Shemeji, na wako wengi?" Igoki alikataa hata sufuria iliyopikiwa. Alilinunulia jiko lake sufuria mpya na kuificha. Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka siku moja, bila kumtazama mtu, mama mkwe yule alisema, "Nipe hicho kichwa nione wanachosifia." Akakila chote, mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani kama shanga. 

Kufikia 1996 hata majirani waliulizia samaki. Kathure aliwagawia wachache aliowapata, akawaonyesha jinsi ya kuparua na kukaanga, na moyoni alijivuna. Alikuwa amewageuza watu ambao mababu zao hawakugusa kitu hicho.

Kisha ukaja ukame wa mwanzoni mwa 1997. Mutonga ukapungua, ukawa unapita katikati ya mawe kwa unyonge, na samaki wakajikusanya kwenye vidimbwi vichache.

Jumamosi moja ya Machi Kathure alipanda kama kawaida. Kabla hajafika mtoni, harufu ilimpokea. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa kali, ya kukera koo, na aliijua ila hakukumbuka ni ya wapi. Alipotokeza kwenye jiwe kubwa, alimkuta Kivuti amepiga magoti, kofia ameishika kifuani.

Kidimbwi kilikuwa cheupe. Matumbo ya samaki yalikuwa yameelea kutoka ukingo hadi ukingo: wakubwa aliokuwa akiwaota, wadogo wa urefu wa kidole, hata kaa, hata vyura. Hakuna kilichotikisika isipokuwa kwa mwendo wa maji.

"Usiguse!" Kivuti alisema. Sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena. "Ni dawa ya josho. Ya kuogeshea ng'ombe. Mtu amemimina hapa."

Kathure alilizunguka jiwe. Kisha akaona ukingoni alama za kuburuta gunia na magamba yaliyotapakaa, na ndipo akili yake ilipoamka kwa kishindo. Samaki wengine walikuwa wamekwisha kubebwa. Walikuwa wameshuka kijijini, kwa wale aliowafundisha mwenyewe kuparua na kukaanga.

Alikimbia. Ufito aliuacha pale pale. Alishuka njia ya nusu saa kwa muda asiojua, leso ikaanguka, hakuiokota. Nyumba ya kwanza alimkuta mama akipuliza moto. Kathure hakusalimu, alipiga teke sufuria na samaki wakamwagika jivuni. "Sumu!" alisema, na pumzi haikumtosha kueleza. Nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Watu walidhani amepata wazimu. Mmoja alimshika mkono, Kathure akamng'ata. Katika nyumba ya tano walikuwa tayari wameketi kula, baba amekwisha kumega. Akampiga tonge mkononi. Wote waliulizwa samaki wametoka wapi, na wote wakajibu kwamba wamewakuta kwenye gunia njia panda, watu wakijichotea.

Alifika kwake mwisho, kwa sababu hakuwaza kwamba kwake kungekuwa na hatari. Nani angeleta samaki katika nyumba ya mvuvi?

Igoki alikuwa ameketi chini jikoni, mgongo ukutani. Mate yalimtoka mdomoni kama uzi. Jasho lilikuwa limelowesha kilemba chake, misuli ya shavu inarukaruka, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa hata zikawa nukta mbili, kama zimechorwa kwa sindano. Kando yake palikuwa na sahani, na ukingoni mwa sahani mifupa imepangwa vizuri. Mtungi wa maji ya mto ulikuwa nusu.

"Nani amekupa, mama? Nani?"

Mama mkwe alisogeza midomo, sauti haikutoka.

Pikapu ya Bwana Muthamia iliwabeba hadi hospitali ya Meru, Kathure nyuma, kichwa cha Igoki mapajani mwake, akimpangusa povu kwa ncha ya suruali. Daktari alimtazama macho tu akajua. Akaagiza sindano, akasema huenda ni samaki, huenda ni yale maji, huenda ni vyote viwili, na kwamba wangechelewa kidogo wangemleta bure.

Gedion alifika kutoka shuleni kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi, chaki bado mikononi. Nyuma yake alikuja Mwiti. Mwiti hakuingia wodini. Alisimama kwenye korido ameuelekea ukuta, na Kathure alipomkaribia ili amfariji, alisikia harufu ile ile. Ilikuwa kwenye shati lake.

"Shemeji," Mwiti alisema, "ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Nilitaka wengi kwa mara moja. Watu wanauliza samaki kila siku, na wewe unaleta watatu, wanne. Nikasema dawa kidogo tu itawalevya. Niliporudi kubeba wengine nikaona wamekufa mpaka vyura, nikaogopa, nikalitupa gunia njia panda." Alijifunika uso. "Lakini mama nilikuwa nimemchagulia na kumpelekea mmoja mkubwa kabla ya kuogopa. Kichwa, shemeji. Anapenda kichwa."

Kathure alikuwa na mengi ya kumwambia, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Haukumfikia. Aliketi sakafuni pale kwenye saruji, watu wakimpita na machela. Aliyemfundisha Mwiti kula samaki alikuwa yeye. Huo ndio mshtuko uliomkaa mwilini kuliko matumbo meupe ya kidimbwini.

Igoki alilala hospitalini siku tisa, akapona, ila mkono wa kushoto ulibaki na mtetemo. Mwiti alijipeleka mwenyewe kituoni. Alifungwa miezi minane. Gedion alimtembelea gerezani kila mwezi. Kathure hakuuliza habari zake. Alirudi karakanani, akafunga nzi kwa vidole visivyo na furaha, na Jumamosi alikaa nyumbani akichambua maharagwe. Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa mwaka, zikaufagia mto kwa ghadhabu na kubeba madaraja, hakwenda hata kuutazama.

Aliyemtoa humo alikuwa Igoki.

"Aliyekula ni mimi," mama mkwe alimwambia siku moja, mkono wake ukitetemeka juu ya kikombe. "Mbona anayekufa ni wewe?"

Mwanzoni mwa 1998 Bwana Muthamia alipata wateja wapya waliotaka nzi wa baharini, wakubwa kama kidole gumba, wenye mikia ya kung'aa. Karakana nzima haikuwa na mtu aliyewahi kuona bahari. "Safari hii sitaki barua ya malalamiko," alisema. Akawachukua Kathure na Kivuti, wakasafiri siku mbili kwa barabara zilizobomolewa na mvua, mpaka kwenye hori moja la bahari karibu na Watamu, ambako walikabidhiwa kwa mvuvi aitwaye Kahindi, Mgiriama mrefu aliyecheka kwa mabega.

Walilala. Asubuhi Kathure alitoka nje kuiona tena ile bahari aliyoiona jana yake. Haikuwepo. Pale palipokuwa na maji palikuwa na mchanga na matope, na ndege wanatembea.

"Kivuti!" aliita. "Kivuti, njoo! Hii maji imeenda wapi?"

Kahindi alitokeza. "Maji yamekupwa, mama. Yatajaa."

"Yatarudi? Yenyewe?"

"Kwani kwenu hayarudi?"

Kathure alimtazama aone kama anadhihakiwa. Kwao maji yakienda yamekwenda. Alikaa kwenye gogo saa nzima akiyangoja, na yalipoanza kurudi, kimya kimya, yakijaza nyayo moja baada ya nyingine, nywele zilimsimama.

Waliingia hadi magotini. Kahindi alionyesha kwa kidevu mahali ambapo dagaa walikuwa wakiruka kama mvua iliyogeuzwa kichwa chini. Kathure akarusha. Mshipi mzito haukutaka kwenda, upepo ukaurudisha usoni; akarusha tena. Nzi wake wa kwanza wa baharini, mweupe, mwenye macho ya shanga, akazama.

Kilichofuata hakikuwa kama mtoni. Ilikuwa kama amefunga mshipi kwenye lori linaloondoka. Ufito uliinama mpaka ncha ikanywa maji, gurudumu la mshipi likalia kwa sauti kali, na uzi ukamkata kidole hadi damu. Alivutwa hatua tatu, mguu ukaingia shimoni, akaanguka kifudifudi. Bahari ikamjaa mdomoni.

Aliibuka, ufito bado mikononi, macho yamemtoka.

"Ni chumvi!" alipiga kelele. "Kivuti, ni chumvi kweli!"

"Usiachilie!" Kivuti, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kupaza sauti ila siku ile moja, alikuwa akirukaruka majini kama mbuzi. "Mwache akimbie! Sasa vuta! Vuta, mama!"

Ilichukua karibu saa. Mikono ilikufa ganzi, akawa anavuta kwa kiuno. Mwishowe Kahindi alimshika samaki mkiani, akamwinua: kolekole, mpana kama sinia, wa fedha na samawati, amekasirika mpaka mwisho. Nzi alikuwa pembeni mwa mdomo, hajafumuka. Kathure alimgusa samaki ubavuni, na ghafla akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kwa nguvu, maji ya chumvi yakimtoka puani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Machi ya mwaka uliotangulia, na kicheko hicho kilimtisha yeye mwenyewe.

Mke wa Kahindi alimpika kolekole kwa tui la nazi. Kathure aliitazama sahani muda mrefu. Kisha akala, akaongezwa, akala tena.

Mto Mutonga nao haukufa. Mwaka wa 1999 Kivuti alipata vifaranga vya trauti, wakaletwa kwenye mapipa, na watu wakaitwa kusaidia kuyabeba hadi juu, kwa kuwa gari halikuweza kupita. Katika waliojitokeza alikuwemo Mwiti, aliyekuwa amekwisha kutoka gerezani, amekonda, haangalii watu usoni. Alibeba pipa la kwanza. Akarudi, akabeba la pili. Alipokuwa akilimimina aliteleza, akatumbukia kidimbwini na pipa lake, akaibuka vifaranga wakimzunguka kifuani.

Hakuna aliyecheka. Walimtazama Kathure kwanza.

Kathure aliingia majini na viatu vyake, akalishika pipa upande wa pili, wakalielekeza pamoja mpaka likaisha.

"Watakua lini, shemeji?" Mwiti aliuliza, meno yakigongana kwa baridi.

"Miaka miwili hivi."

"Nitangoja."

"Ngojea nchi kavu!" Igoki alipaza sauti kutoka ukingoni, alikoketi juu ya jiwe na mkono wake unaotetemeka. "Umewakanyaga watatu tayari."

Ndipo watu wakacheka.